Vibao vya Kuwekea Vikombe: Zawadi ya Familia Zilizotawanyika

Maneno yaliyosomwa na kikundi cha mafundi seremala kutoka Nyanza-Lac na Rumonge katika Siku ya Wakimbizi Duniani, kambini, mkoa wa Kigoma





Kamati imetupa nafasi tueleze kazi ndogo inayofanyika katika karakana yetu, kazi ya kutengeneza vibao vya kuwekea vikombe vilivyopachikwa mapambo ya mbao za rangi mbalimbali. Tunaishukuru Kamati, maana kazi hii imesemwa sana na wengi hawajaielewa.

Kibao cha kuwekea kikombe ni kipande cha mbao cha mraba, kadiri ya upana wa kiganja. Kinawekwa mezani chini ya kikombe au glasi ili maji na joto visiharibu meza. Tumeulizwa mara nyingi: "Ninyi mnalala chini ya turubai, meza zenu ni za mabanzi, mnaogopa kuharibu nini?" Swali hilo ni la haki. Tutalijibu leo kwa utaratibu, na mwisho tutaleta maombi yetu.

1. KWA NINI ZAWADI HII

Sisi tunaosema hapa tunatoka Nyanza-Lac, na baadhi yetu Rumonge, katika ukanda wa Imbo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kwetu ni nchi ya michikichi, ndagala na mihogo. Ni moja ya sehemu za Burundi ambako Kiswahili husikika sokoni pamoja na Kirundi, kwa kuwa tangu zamani ziwa lilikuwa njia ya biashara ya kwenda Ujiji, Uvira na Kalemie.

Njia hiyo hiyo ya maji ndiyo iliyotutoa nyumbani. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianzia upande wetu, na mauaji yaliyofuata yalienea nchi nzima. Maelfu walivuka kuingia Tanzania, na baadaye wakapewa mahali pa kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, wakaja wengine. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na kuanzia mwaka 2002 misafara ya kurudi ikaanza. Watu walirudi kwa mamia ya maelfu. Kisha mwaka 2015 tukakimbia tena. Mwezi Mei mwaka huo tulijaa kijijini Kagunga, kati ya mlima na maji, kipindupindu kikatuua, hadi meli ya Liemba na vyombo vingine vilipotutoa na kutupeleka Kigoma mjini. Kutoka hapo tulipelekwa Nyarugusu, na baadaye wengine wakapangiwa Nduta na Mtendeli. Tangu Septemba 2017 misafara ya kurudi imekuwapo tena.

Tumetaja miaka hii kwa sababu moja. Kila mwaka kati ya hiyo umeikata familia kipande.

Chukueni familia moja ya watoto sita. Hatutaji jina, maana wengi hapa wataona ni yao. Wa kwanza alibaki Katumba, naye ni mmoja wa wale zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 waliopewa uraia wa Tanzania. Wa pili alikwenda Marekani na wale waliopokelewa huko kuanzia mwaka 2007. Wa tatu alirudi Nyanza-Lac mwaka 2008 na hajatoka tena. Wa nne alirudi, akakimbia mwaka 2015, yuko hapa. Wa tano alivuka kwenda upande wa Kongo. Wa sita ameandikisha jina lake kwa msafara wa kurudi. Wazazi wao wamezikwa katika nchi mbili tofauti.

Watu kama hao wanahitaji nini kwa mkono wa ndugu yao? Fedha wanazihitaji, lakini hatuna. Nguo huchakaa, na picha ya karatasi hunyeshewa. Sisi tunajua mbao. Kwa hiyo tumeamua kuwatengenezea vibao sita kutoka ubao mmoja, kila mtu apate chake.

Na kwa nini kikombe? Kwetu Burundi jambo zito halimalizwi pakavu. Mahari hupokelewa kwa kinywaji. Majirani waliogombana wakipatanishwa na bashingantahe, hunywa pamoja ili watu waone kwamba yamekwisha. Anayepewa kikombe amepewa na mahali pa kukaa. Basi kibao hiki maana yake ni rahisi. Kinamwambia ndugu: "Mahali pako papo, hata kama leo hupo."

Hilo ndilo jibu letu la kwanza. Hatuogopi kuharibu meza. Tunalinda nafasi ya mtu.

2. MBAO ZINATOKA WAPI

Tunapenda kusema wazi mbele ya viongozi kwamba kazi hii haikati mti hata mmoja. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji wa mbao msituni, na sisi hatuna kibali. Tena hatukitaki. Kila mama hapa anajua taabu ya kuni na ugomvi unaoletwa na kuni kati yetu na wanavijiji. Hatutaki kuongeza ugomvi kwa ajili ya mapambo.

Kibao kimoja kina upana wa sentimita 10 kila upande na unene wa sentimita 1. Kwa vibao sita inatosha ubao wenye urefu wa sentimita 70, pamoja na sehemu inayoliwa na msumeno. Ubao wa namna hiyo hutupwa kila panapojengwa darasa au zahanati. Tunaokota mabaki ya fremu za milango, vitanda vilivyovunjika na mbao za masanduku ya mizigo.

Kwa kupachika tunahitaji rangi zinazopingana, na rangi hizo Mungu ameziweka ndani ya miti yenyewe:

(a) Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea nyekundu. Ni mbao nzuri kuliko zote kwa ubao wa chini, kwa sababu ukishakauka vizuri haupindi ovyo.

(b) Msonobari ni mweupe, lakini laini. Unafaa kwa vipande vipana, haufai kwa ncha nyembamba.

(c) Mfenesi una moyo wa manjano. Tawi lililoangushwa na upepo linatosha kwa seti nyingi.

(d) Mchungwa na mlimao ni miti midogo, lakini mbao yake ni ngumu, nyeupe kidogo kuelekea manjano, na inashika ncha kali.

(e) Kwa nukta nyeusi tunatumia kifuu cha kokwa la mchikichi. Mchikichi wa asili, ule wa dura, una kifuu kinene na kigumu. Kwetu Nyanza-Lac vifuu hivyo ni taka na kuni. Na hapa mkoani Kigoma michikichi ipo, hivyo vifuu si vigumu kupata.

(f) Kwa nukta nyeupe tunatumia mfupa wa ng'ombe, uliochemshwa mpaka mafuta yote yametoka, kisha ukakaushwa kivulini.

Pembe za ndovu hatuzigusi. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mfupa safi unatosha.

3. KAZI YENYEWE

Kazi ya kupachika kitu ndani ya mbao watu wa pwani huiita njumu. Wanaojua Lamu na Siyu wamesikia habari za viti vya enzi, vile viti virefu vya mbao nyeusi vilivyopachikwa pembe au mifupa mgongoni. Hali kadhalika kuna masanduku ya Zanzibar yenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa maua. Kwetu bara kazi kubwa ya mbao ni ngoma, inayochongwa katika mti tunaouita umuvugangoma, na ambao hapa Tanzania huitwa mringaringa. Ngoma hiyo ndiyo iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi tumechukua uvumilivu wa mchonga ngoma tukautia katika kitu cha ukubwa wa kiganja.

Vijana wengi wameomba kujifunza, kwa hiyo tutataja hatua kwa kifupi.

Kwanza, mbao ikauke. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mbao mbichi hunywea inapokauka, na kipande ulichopachika leo kitalegea mwezi ujao. Tunaweka vipande juu ya paa la ndani, karibu na jiko lakini si katika moshi, kwa wiki nyingi. Ubao wa chini na vipande vya kupachika vikaushwe pamoja, mahali pamoja.

Pili, kata pambo kabla ya kukata shimo. Chora samaki, jani la mchikichi au wimbi kwenye mbao ya unene wa milimita 4. Kata kwa msumeno mwembamba, kisha safisha kingo kwa tupa. Uifanye kingo ilale kidogo, upande wa chini uwe mdogo kuliko wa juu kwa unene wa unywele. Ukiligonga litajikaza lenyewe.

Tatu, weka pambo juu ya kibao na ulizungushie alama kwa ncha ya kisu. Usitumie penseli. Mstari wa penseli ni mnene, na fundi hajui akate upande gani wa mstari. Alama ya kisu haina unene. Wengi wetu tunatumia kipande cha bapa la msumeno wa chuma kilichonolewa, kwa kuwa kisu kizuri hakipatikani.

Nne, chimba shimo kwa patasi nyembamba, kina cha milimita 3. Anza katikati na uje taratibu kuelekea alama. Ukianzia kwenye alama, patasi itarudi nyuma na kuula mstari. Sakafu ya shimo iwe sawa. Tunaipima kwa kijiti kilichokatwa urefu wa milimita 3.

Tano, jaribu bila gundi. Pambo liingie kwa kusukumwa na kidole gumba mpaka nusu, halafu likwame. Likiingia lote kwa kidole, limelegea, tengeneza jingine. Lisipoingia kabisa, usiligonge kwa hasira, utapasua kibao. Tafuta mahali linapokwama, punguza hapo tu.

Watengeneza mitumbwi wa kwetu wana msemo wao kuhusu ubao usioshikana na mwenzake: pamba haifanyi kazi ya seremala. Maana yake ni kwamba ukiacha mwanya mkubwa ukautegemea ujazwe pamba na lami, ziwa litakuumbua. Nasi tunawaambia vijana hivyo hivyo: gundi haifanyi kazi ya patasi.

Sita, paka gundi nyeupe ya mbao, kidogo, sakafuni na kingoni. Panga nyuzi za pambo zielekee upande mmoja na nyuzi za kibao, maana mbao hutanuka na kunywea kwa upana wake, si kwa urefu. Zikienda pamoja zitatanuka pamoja wakati wa masika na kunywea pamoja wakati wa kiangazi. Gonga kwa nyundo ya mbao, funika kwa karatasi, weka jiwe zito juu yake mpaka kesho.

Saba, pambo litabaki limeinuka milimita 1. Lishushe kwa randa iliyonolewa, kisha msasa, mpaka ukipitisha kucha juu yake usisikie mpaka kati ya mbao na mbao.

Nane, mafuta. Hapa watu wa kwetu hukimbilia mawese, maana ndiyo mafuta tuliyokulia. Mawese hayafai. Hayakauki kamwe juu ya mbao, hunata, hushika vumbi, na baada ya muda hunuka. Tunatumia nta ya nyuki, ambayo mkoa huu unayo, iliyopashwa moto na kusuguliwa kwa kitambaa mara tatu au nne. Lakini tuseme kweli: kikombe cha chai ya moto sana huacha alama juu ya nta. Ikitokea hivyo, sugua nta tena. Anayepata vanishi atumie vanishi.

Seti moja ya vibao sita kwa mkono wa kijana aliyeanza kuzoea huchukua karibu wiki mbili, akifanya kazi saa mbili au tatu kila siku. Haraka haraka haina baraka, na katika njumu haraka huonekana kwa macho.

4. MKATE MMOJA

Ipo njia nyingine ambayo tumeipenda kuliko zote. Mafundi wa mji wa Hakone nchini Japani, na mafundi wa Shiraz na Isfahan nchini Irani, wana ufundi unaofanana ingawa wako mbali sana. Hawakati kila pambo peke yake. Huchukua vijiti virefu vya mbao za rangi mbalimbali, huvipanga kwa mchoro wanaoutaka, huvibana kwa gundi mpaka viwe gogo moja, kisha hulikata gogo hilo vipande vyembamba kama mtu anavyokata mkate. Kila kipande hutoka na mchoro ule ule.

Nasi tumefanya hivyo kwa kadiri ya vifaa vyetu. Tunapanga vijiti vya mninga, msonobari na mfenesi mpaka kichwani patokee nyota, au pembe zinazopandana kama mistari ya vikapu vya mama zetu. Tunabana kwa kamba za mpira wa baiskeli zilizozungushwa kwa nguvu, maana vyuma vya kubania hatuna. Siku ya pili tunakata vipande sita vya milimita 4. Tahadhari moja: katika vipande hivi nyuzi zimesimama, hivyo huvunjika upesi kama biskuti. Vishikwe kwa upole mpaka viingie shimoni.

Ndugu zetu, tunaomba mlitazame jambo hili kwa makini. Vipande sita vilivyotoka mkate mmoja vina alama zile zile. Kama kijiti kimoja kilikuwa na kovu la fundo, kovu hilo litaonekana katika vipande vyote sita, mahali pale pale. Mmoja aende Marekani, mmoja abaki Katumba, mmoja arudi Nyanza-Lac, mmoja awe Kongo. Baada ya miaka 20 watoto wao wakikutana, wakaviweka pamoja mezani, hawatahitaji hati ya kuthibitisha kwamba ni ndugu wa gogo moja.

Kwa sababu hiyo hatuondoi mafundo madogo. Fundi wa duka angeyatupa, sisi tunayatafuta.

5. KIBAO CHA SABA

Katika karakana kulitokea mjadala, na tunauleta hapa kwa sababu unatuhusu wote. Baadhi ya familia walitaka vibao saba. Wengine walisema cha saba kisipachikwe kitu, kibaki kitupu kwa ajili ya waliokufa mwaka 1972, mwaka 1993, na waliofia Kagunga. Wengine wakasema marehemu hanywi, tusimtengenezee kikombe. Tumkumbuke kwa njia nyingine.

Wazee walisikiliza siku mbili, kisha wakasema hivi. Kibao cha saba kitengenezwe, na kiwe kizuri kuliko vyote, na kiwe cha mgeni. Wakaulizwa, mgeni gani? Wakajibu kwamba kwa mtu anayerudi Nyanza-Lac au Rumonge, mgeni wa kwanza atakayebisha hodi huenda akawa ni yule anayelima shamba la baba yake.

Kukawa kimya. Kila mtu alijua wanachosema. Ardhi ya kwetu pwani ni nzuri, ina michikichi, na baada ya mwaka 1972 mashamba mengi yaliyoachwa yalipewa watu wengine. Hao nao wamezaa, wamezika na wamepanda miti hapo. Tangu Burundi ilipounda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006, kesi za pwani yetu zilikuwa miongoni mwa zile nzito. Kuna waliogawana shamba kwa amani, na kuna waliofikishana pabaya. Waliorudi wakakimbia tena wanayajua haya kuliko sisi kuyaeleza.

Hatusemi kibao cha mbao kinaamua kesi ya ardhi. Kesi ina sheria, mashahidi na mipaka. Anayedai haki yake aidai, na asiionee haya. Tunasema tu kwamba kabla ya kesi na baada ya kesi, watu wale wawili watachota maji kisima kimoja. Siku watakapokaa kusemezana, mmoja atamkaribisha mwenzake kikombe au hatamkaribisha. Wazee wanataka vijana wetu warudi wakiwa wameshaandaa mahali pa kikombe hicho mapema, wakiwa bado hapa, kwa mikono yao, kabla hasira ya njiani haijawashika.

Baadhi walikubali, baadhi hawakukubali. Hatukulazimisha mtu. Wapo waliotengeneza sita tu. Lakini tumeona kwamba kijana aliyekaa siku nne akipachika kibao cha mtu asiyemjua, na pengine asiyempenda, amepata muda wa kufikiri ambao mkutano wa saa moja hauwezi kumpa.

6. SOKO NA ZAWADI

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa mashirika. Mmetuambia mara kadhaa, kwa nia njema, kwamba kazi hii ingeuzwa. Mmesema wageni wanaokuja wangenunua, na kijana angepata sabuni na chumvi. Hatupingi biashara. Mgawo tunaujua, na siku upungufu unapotangazwa tunaujua zaidi. Mwenye kuuza viti na milango auze, na tunaomba msaada wenu katika hilo.

Ila tumejiwekea kanuni moja: seti ya kwanza ya kila mwanafunzi haiuzwi. Ni ya nyumbani kwake. Sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mtu anayetengeneza kwa ajili ya mnunuzi asiyemjua huuliza, "Itapita?" Anayetengeneza kwa ajili ya dada yake huuliza, "Imekaa sawa?" Mafunzo mazuri huanza na swali la pili.

Sababu ya pili ni kwamba mkimbizi amezoea kupokea. Anapokea mahindi, turubai, ndoo, hata nguo aliyoivaa mwingine. Hatuna kinyongo, tunashukuru. Lakini mtu anayepokea tu kwa miaka mingi mkono wake husahau kutoa, na kwetu asiyetoa kitu hahesabiwi katika baraza. Kutoa ni moyo, si utajiri. Kijana anayempelekea mjomba wake vibao sita ametoa kitu ambacho hakikuandikwa katika kadi yoyote ya mgawo.

Sababu ya tatu ni muda. Hatujui msafara upi utamchukua nani. Seti iliyouzwa haitarudi, na ndugu aliyeondoka bila kipande chake huenda asipatikane tena wa kumpelekea.

7. MAOMBI YETU

Kwa kumalizia tunaomba mambo manne, na yote ni madogo.

Moja, tunaomba mabaki ya mbao kutoka kwenye ujenzi yasichomwe kabla karakana haijachagua. Vipande vyenye urefu wa kiganja kwenda juu vinatosha. Vilivyobaki baada ya hapo tutavipeleka jikoni kwa wazee wasio na nguvu ya kutafuta kuni.

Mbili, tunaomba wanaosimamia mizigo ya wanaorudi waelewe kwamba kifurushi cha vibao saba ni kidogo kuliko sufuria, uzito wake hauzidi kilo moja. Kisihesabiwe kuwa ni mbao ya biashara.

Tatu, tunawaomba wazee na mama zetu mtuletee michoro. Kuna mistari ya vikapu, ya mikeka na ya ngoma ambayo vijana waliozaliwa kambini hawajawahi kuiona. Mkituchorea hata kwenye udongo, tutaihamisha kwenye mbao.

Nne, tunawakaribisha ndugu zetu Wakongomani. Fizi na Uvira mnalitazama ziwa lile lile kutoka upande wa pili, na familia zenu zimekatwa kama zetu. Benchi lina nafasi.

Fundi akiondoka kwa msafara, vifaa haendi navyo. Patasi, randa na guni hubaki benchini kwa yule anayefuata, na anayeondoka huonyesha kwanza kwamba amemfundisha mtu mmoja. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, na mpaka leo tumeshika.

Tunaishukuru Serikali na wananchi wa Tanzania kwa kutupokea kwa vizazi vitatu. Tunaishukuru Kamati kwa kuandika maneno haya katika jarida la kumbukumbu. Mungu awalinde walio njiani, awaongoze wanaorudi, na awape subira wanaobaki.